Ubao Usiopakwa Wino

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizopigiwa makofi, na makofi nimepigiwa mengi. Kilikuwa kiangazi, ule wakati miombo ya huku kwetu inachipua majani mekundu kabla mvua haijafikiria kunyesha. Nilikuwa kijana, nimeshika picha mpya mikononi, wino haujakauka vizuri, natoka karakana yangu kwenda kumwona mama yangu, na natembea kama bwana harusi.

Kwanza umjue anayekuandikia. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini leo ingia hoteli yoyote ya maana hapa Tabora, tazama ukutani. Ule mti uliopinda kwa upepo, kile kichuguu kilichosimama peke yake mbugani, wale korongo wanaoruka juu ya maji, ni kazi ya mkono huu. Wageni wanazibeba picha zangu kwenda kwao ambako mimi sijui hata kunafananaje. Sijisifu, nasema kilichopo. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi hii mvua imeninyea mpaka kwenye mifupa.

Kazi yenyewe ni hivi. Nachukua ubao wa mninga uliokauka, naupiga randa mpaka uwe kama shavu la mtoto. Nachonga picha kwa patasi na kisu. Kilichobaki juu kinapokea wino, kilichochimbwa kinabaki cheupe. Napaka wino, nalaza karatasi, nasugua kwa mgongo wa mwiko, nabandua. Ukisikia ile karatasi inavyobanduka, mwanangu, huwezi kuacha tena kazi hii.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kuchonga muhuri wa kupiga kwenye katoni za asali ya Sikonge. Nikachonga nyuki, na chini yake neno ASALI kwa herufi kubwa. Nikapiga katoni zote bila kutazama, kwa haraka ya ujana. Nyuki alitoka mzuri, anakaribia kuuma. Neno lilitoka limegeuka, kama maandishi yanavyoonekana kwenye kioo. Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye vumbi.

"Fundi," akaniuliza huku anajifuta machozi, "hii asali yako inalambwa kwa kisogo?"

Ndipo nikajifunza siri ya kazi: unachotaka kitoke kulia, kichonge kushoto. Ubao ni kioo cha karatasi. Nikaushika huo ujuzi kwa hasira, nikaufanyia mazoezi mpaka mkono wangu ukawa unageuza vitu wenyewe, bila kuniuliza. Nilijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Weka hilo akilini, maana ndilo lililonitia aibu mbele ya mzazi wangu.

Sasa nikwambie habari za mama. Sisi tulimwita Mayu, kama Wanyamwezi tunavyowaita mama zetu. Alizaliwa Ibambala, kijiji kilichokuwa ng'ambo ya Usinge, ndani kidogo kutoka njia ya zamani ya misafara. Babu yake alikuwa mpagazi, alipita njia ile na mzigo begani mpaka pwani na kurudi, na Mayu alikua akisikia habari za safari kabla hajasikia habari za shetani. Mimi nilipokuwa bado nabebwa mgongoni, watu wa Ibambala walihamishwa, msitu ukawekwa hifadhi. Baba akatuleta mjini. Mayu akasema tutakaa kidogo tu. Hicho kidogo kikawa uzee.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Hospitali walisema ni presha ya macho na tumechelewa. Alipokuwa hata mwanga wa mlango hauoni, akateleza uani akavunjika nyonga. Dada yangu Restuta, ambaye ni mkubwa wangu na hajawahi kuniacha nilisahau hilo, akamchukua kwake. Mayu akawa mtu wa kukaa barazani kwenye mto, miguu imenyooshwa, uso umeelekea magharibi. Reli ya Kigoma haiko mbali na kwa Restuta. Kila treni ikipiga honi, Mayu anauliza.

"Hilo linapita Usinge?"

"Linapita, Mayu."

Baadaye kidogo anasema, "Nipelekeni nikafike. Silali huko. Nataka kufika tu."

Hakuna kilichotuuma Restuta na mimi kama neno hilo. Daktari alikuwa ameshasema: mama huyu usimpandishe hata kwenye baiskeli, sembuse treni na yale makorongo ya huko mbele. Hakuwa anaomba nguo wala nyama. Alitaka kufika kwao kabla hajafa, na miguu haikuwepo, macho hayakuwepo, na sisi watoto wake wazima tumekaa tunatazamana.

Nikasema moyoni, kwani mimi ni nani? Kama Mayu hawezi kwenda Ibambala, mimi fundi nitaileta Ibambala kwa Mayu. Nikachonga ubao mkubwa kuliko wote niliowahi kuchonga. Kila alichotusimulia utotoni nikakitia humo: mlima wa mawe, mto wenye matete, njia ya misafara, misitu mpaka pembeni. Nikapiga picha ya kwanza. Nilipoibandua, haki ya Mungu nilijipigia makofi mwenyewe.

Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nimeishika siku ile.

Nikafika nikawakuta Mayu na Restuta na majirani wawili wanachambua mchicha. Nikaamkia, nikafungua picha. Majirani wakasema, "Mh! Jamani! Huyu mtoto ana mkono!" Mimi nikavimba. Nikaiweka picha mapajani kwa Mayu.

"Mayu, nimekuletea kwenu."

Akaipapasa. Akaipapasa tena, taratibu, kutoka ncha hii mpaka ile. Akaisogeza puani. "Inanuka mafuta ya taa," akasema. "Ni karatasi hii, Baba?" Alikuwa ananiita Baba, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.

Restuta aliacha mchicha. "Umemletea asiyeona picha," akasema. "Kesho mpelekee kiziwi redio."

Majirani wakageukia mchicha wao. Unaona, mwanangu? Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho mawili mazima na nilihitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeshamaliza kazi nzima sijajiuliza mama yangu ataipokea kwa kiungo gani.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nikakimbia, nakwambia nilikimbia, mpaka karakana. Nikausafisha ubao wenyewe kwa tambara na mafuta, nikarudi nao begani. Ubao una mabonde na vilima, kidole kinaweza kuusoma. Nikaulaza mapajani kwake. Akafuta mikono kwenye kanga, akaanza.

"Hii nini?"

"Mlima wa mawe, Mayu."

"Eeh! Na hii inayoteremka?"

"Mto."

Uso wake, mwanangu. Sijui nikuambieje. Kama umewahi kumwona mtu anafunguliwa mlango kwenye baridi, ndivyo ulivyokuwa. Vidole vikaenda mbio, vikapanda mlima, vikashuka. Mara vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikaenda tena, sasa vinasitasita kama vya mtu aliyepotea njia.

"Nani kauhamisha mto?" akauliza.

"Vipi, Mayu?"

"Ukitoka nyumbani kwetu ukaelekeza uso jua linakochomoza, mto uko kulia. Nimechota maji pale tangu kata inanizidi kichwa. Huu uko kushoto. Na mlima mmeukalisha kwenye mashamba ya watu." Akaondoa mikono. "Hapa si kwetu."

Basi badala ya kunyamaza, mimi nikaanza kufundisha. Nikamweleza ubao ni kioo, nikamweleza kwamba kwenye karatasi mto uko kulia sawasawa, kwamba fundi asiyejua kugeuza si fundi, kwamba mimi hapa Tabora nzima sina mwenzangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mayu hakuwa mtu wa kumkata mtu kauli.

"Hiyo karatasi ndiyo inayotaka kwenda Ibambala?"

"Hapana, Mayu."

"Nani anataka kwenda?"

"Wewe."

"Basi mimi si karatasi." Akausukuma ubao kidogo, kwa vidole tu. "Mgema akisifiwa, Baba..."

Hakumalizia. Kwetu methali haimaliziwi mtu anayestahili kuimaliza mwenyewe. Akageuza uso ukutani. Na kilichonichoma hakikuwa maneno yake. Nilikuwa nimemwona mama yangu anafika kwao, kwa dakika chache, kwa macho yangu. Halafu nikamwona anarudishwa, na aliyemrudisha ni mimi.

Nikaenda karakana kuchonga upya, safari hii bila kugeuza. Unadhani ni rahisi? Kila nikitia patasi, mkono unakwenda kinyume. Nikiulazimisha, nasahau ni upande upi ulikuwa sahihi. Nikagundua jambo ambalo fundi hapendi kuligundua: Ibambala sikuwa naijua. Nilikuwa nachonga masimulizi. Mgongoni kwa mama unaona kisogo cha mama tu.

Basi nikapanda treni mpaka Usinge. Pale nikaazima baiskeli, nikaelekezwa kwa mrina asali mmoja, Mzee Kasonta, mwenye kibali cha kuweka kambi ya nyuki ndani ya hifadhi. Mtu mfupi, mkavu kama mzinga wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unatafuta nini huko ndani, kijana? Madini?"

"Kwetu. Ibambala."

"Ibambala hakuna mtu."

"Najua, Mzee. Natafuta mto uko upande gani."

Alicheka mpaka moshi wa tumbaku ukamkwama. "Mto uko pale pale mlipouacha," akasema. "Waliohama ni ninyi."

Tukaenda, tukalala kambini kwake, tukaenda tena. Njia ya misafara ipo, mwanangu, kama hujui. Imebaki kama kovu: miti kila mahali imesongamana, halafu unakuta ukanda ambao ardhi imekaa chini kidogo, imeshindiliwa na miguu ya watu ambao majina yao hakuna anayeyajua, na hata miombo inaota pale kwa kusitasita. Juu yetu majani mekundu, chini majani makavu, na nyuki. Nilishawahi kuchonga msitu huo mara zisizo na idadi. Siku hiyo ndiyo niliuona.

Tulipofika kwenye mlima wa mawe, Mzee Kasonta akanionyesha mwamba mpana wenye vishimo vya mviringo, laini kama bakuli. "Mama zenu walisagia ulezi hapa," akasema. Nikatia mkono kwenye kimoja. Nikafumba macho. Nikakaa vile muda mrefu, nageuza uso kwenye joto la asubuhi mpaka nikajua mashariki bila kuona, na mkono wangu wa kulia nikasikia maji yanapita kwenye matete. Mayu alikuwa sahihi, bila shaka. Nilitembea mahali pale siku nzima macho nimefumba, napapasa magome, napapasa mawe, Mzee Kasonta ananiambia, "Kisiki! Shimo! We kijana una wazimu!"

Lakini palipokuwa nyumba sikupata kitu. Wala ukuta, wala jivu, wala chungu kilichovunjika. Miti tu, imesimama kama haijawahi kuondoka.

Niliporudi nikachukua ubao mpya. Nikachonga kila kitu upande wake. Mto nikauchimba sana, kidole kikitumbukia kinateremka chenyewe. Mlima nikauacha juu. Magome nikayakwaruza. Njia ya misafara nikaifanya mfereji mpana, wa chini kidogo, kama ilivyo. Kwenye mwamba nikatoboa vishimo, ncha ya kidole inaenea. Nikafika mahali pa nyumba, nikakwama.

Nikichonga nyumba, nimemdanganya mama yangu, maana nyumba hakuna. Nikichonga miti, nimempeleka kwao nikamfungia mlango. Na ubao ukishakatwa haurudi, mwanangu, si kama karatasi ya kufuta. Nikazunguka na patasi yangu siku kadhaa. Mwisho nikashindwa. Mimi, nilimeza kiburi changu nikashindwa. Nikapaacha vile vile, pasipochongwa, ukubwa wa dole gumba.

Nikampelekea Mayu. Safari hii sikuvimba. Nikauweka ubao mapajani kwake, nikamsaidia kuelekea mashariki, nikakaa chini. Restuta alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Mayu akaanza pembeni. "Hii njia kuu," akasema.

"Ndiyo, Mayu."

"Hapa wapagazi walitua mizigo. Babu alisema hapa ndipo walipovua viraka vya mabegani vya kubebea mizigo." Kidole kikaingia msituni taratibu, hakikuwa na haraka ya ile siku ya kwanza. Kikagusa mto, kikatumbukia, kikateremka. Akacheka kwa sauti, kicheko cha msichana, sikuwahi kukisikia. "Kulia! Restuta, mto uko kulia!" Akapanda mwamba, akavipata vishimo. "Hapa mama alinipiga nilipomwaga ulezi. Hapa hapa." Ugali uliungua ndani, harufu ikatufikia, hakuna aliyesogea.

Halafu akafika.

"Mbona hapa laini?" akauliza. "Ulichoka?"

"Sijachoka, Mayu. Hapo palikuwa nyumba zenu. Nilikwenda. Hazipo. Miti imerudi. Sikujua nichonge nini."

Nilisikia jirani anatwanga, nikatamani aache. Kidole gumba cha Mayu kilikuwa kimekaa pale laini, kimepaenea kama kilipimwa.

"Usichonge kitu," akasema. Akavuta pumzi ndefu. "Wabeja, Baba, asante. Nimefika. Niacheni hapa kidogo."

Tukamwacha. Restuta akaingia ndani, na nilijua analia kwa sababu alikuwa anakwangua sufuria ambalo halikuhitaji kukwanguliwa kwa nguvu vile. Tangu hapo treni zilipita, zikapiga honi, Mayu hakuuliza tena. Kila alasiri alisema, "Niletee kwetu," na sisi tukamletea. Mvua zilipoingia, akatuacha, kwa upole, kama mtu aliyekwishafanya safari.

Nimechonga mbao nyingi tangu wakati huo. Nimepata sifa, nimepata jina, nimejenga. Bwana mmoja wa hoteli aliuona ule ubao akataka nimpigie picha zake, nikamwambia haupakwi wino. Akadhani nampandishia bei. Uko kwangu, na pale laini pameng'aa kwa kidole cha Mayu kuliko mahali pengine pote. Siku nyingine, nikiwa peke yangu, nafumba macho nafuata ile njia, nashuka na mto, napanda mwamba, nafika. Naweka dole langu pale. Mbao zote ninazozijua hazinipi ninachokitafuta hapo. Mayu alikuwa na Ibambala ya kuikumbuka, mimi namkumbuka yeye. Natamani, mwanangu, natamani asukume ule ubao aniulize tena nani kauhamisha mto.

Sasa sikia ninachokuusia, wewe mwenye mkono mwepesi na sifa zinazoanza kukupanda kichwani. Ujuzi wako ni mzuri, na una haki ya kuutembeza kifua mbele, sitakudanganya kwamba mimi nimeacha. Lakini unapomfanyia mtu wako kitu, kaa alipokaa yeye, elekea anakoelekea yeye, uone mto wake uko upande gani. Usimfundishe mwenye hamu jinsi kazi yako inavyofanyika, hamu yake haihusiani na kazi yako. Nenda ukaone kwa miguu yako kabla hujachonga yaliyoingia masikioni mwako. Na ukifika mahali usipojua, usijaze. Mafundi wengi tunaharibu kwa kujaza. Acha pawe laini, mwenyewe ataweka kidole.

Na kama mama yako bado anauliza treni linapita wapi, funga kitabu hiki uende ukamjibu.

Mungu akupe macho wakati wa kuona, na akikunyima macho akupe vidole. Akupe mikono itakayokupeleka kwenu siku miguu itakapokataa. Wazee wako wakuite kwa jina zuri, na watoto wako wasikurudishe njiani. Uende salama, mwanangu, na ufike.